Henry wa Kwanza alitoa nini hasa mwaka 1107?

Swali: "Nafundisha historia sekondari, mkoani Tanga. Nimesoma kwamba mwaka 1107 Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza alikubali kuacha kuwakabidhi maaskofu pete na fimbo, na kwamba hapo Kanisa lilishinda. Lakini kitabu hichohicho kinasema serikali yake iliendeshwa na maaskofu aliowachagua mwenyewe. Sasa nani alimshinda nani? Na je, mambo hayo yameacha alama yoyote katika Kanisa Anglikana la leo?"

Jibu: Mwalimu, kitabu chako hakijajichanganya. Mambo yote mawili ni kweli, na ya pili ndiyo inayoeleza ya kwanza. Henry aliachilia alama akabaki na watu. Ila usiishie hapo, maana wanahistoria wengi huliandika hilo kana kwamba mfalme alilichezea Kanisa shere na mambo yakaisha. Hayakuisha. Watu aliobaki nao walikuwa na bwana mwingine, na ilipofika zamu ya kumzika yeye, hilo lilionekana wazi.

Tuanze na jinsi alivyoupata ufalme, kwa sababu deni lake kwa Kanisa lilianza siku ileile. Tarehe 2 Agosti 1100 kaka yake, Mfalme William Rufus, aliuawa kwa mshale akiwinda msituni. Kaka yao mkubwa, Robert, mtawala wa Normandy, alikuwa bado njiani akirejea kutoka Vita vya Msalaba. Henry, aliyekuwamo katika msafara huo wa uwindaji, alikwenda mbio Winchester kuishika hazina, na kufikia tarehe 5 alikuwa amekwisha kutawazwa Westminster. Aliyemtawaza ni Maurice, Askofu wa London. Askofu Mkuu wa Canterbury, Anselm, hakuwapo. Alikuwa uhamishoni kwa ugomvi wake na Rufus.

Mtu aliyenyakua taji namna hiyo huhitaji marafiki haraka. Siku ya kutawazwa Henry alitoa hati ya ahadi, na ahadi ya kwanza kabisa ililihusu Kanisa: hataliuza, hatalikodisha, na askofu au abati (mkuu wa monasteri) akifa hatachukua chochote katika mali yake mpaka mrithi aingie. Kila aliyesikia alijua anasema nini. Rufus alikuwa na mtindo wa kuacha kiti cha askofu aliyekufa kikae wazi huku yeye akila mapato. Siku anapigwa mshale alikuwa ameshika mkononi Canterbury, Winchester na Salisbury, pamoja na abasia (monasteri kubwa) kumi na moja, zote zimekodishwa kwa fedha.

Ukitaka wanafunzi wako waelewe kwa nini wafalme walishindwa kuacha tabia hiyo, waambie habari za ardhi kabla ya habari za dini. Sensa kubwa ya mali ya mwaka 1086 inaonyesha karibu robo ya ardhi ya Uingereza ilikuwa ya Kanisa. Na ardhi hiyo ilikuwa na wajibu wa kijeshi. Canterbury peke yake ilidaiwa askari wa farasi 60 kwa ajili ya mfalme. Winchester 60, Lincoln 60, abasia ya Peterborough nayo 60. Askofu, kwa hiyo, alikuwa mchungaji wa roho, mwenye mashamba, hakimu wa wapangaji wake, na mtu ambaye akikunja uso jeshi la mfalme linapungua. Hakuna mfalme wa zama zile ambaye angekubali mtu kama huyo achaguliwe bila yeye kujua.

Desturi ilikuwa hivi. Mfalme akishampata mtu, anamkabidhi pete na fimbo ya kiaskofu kwa mkono wake, kisha mteule anapiga magoti, anaweka mikono yake ndani ya mikono ya mfalme, anaapa kuwa mtu wake. Baadaye maaskofu wenzake wanamweka wakfu. Wapenda mageuzi kule Roma waliona hatua ya kwanza ni machukizo: pete na fimbo ni alama za ndoa ya askofu na Kanisa lake na za uchungaji wake, inakuwaje zitoke katika mkono uliozoea kushika upanga?

Anselm aliporudi Septemba 1100, Henry alimtaka aape kama kawaida. Anselm akakataa. Huyu mzee, mzaliwa wa Aosta upande wa Italia, mwanateolojia mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, hakuwa na chuki binafsi na desturi ile. Yeye mwenyewe mwaka 1093 alipewa fimbo na Rufus. Au tuseme alisukumiziwa: Rufus alikuwa mgonjwa kitandani Gloucester, akiogopa kufa, na maaskofu waliokuwapo wakaibana fimbo kwenye ngumi ya Anselm ambayo yeye hakutaka kuifungua. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 1099 alikuwa ameketi katika mtaguso huko Roma, akasikia kwa masikio yake ikikatazwa mtu wa Kanisa kupokea cheo kutoka mkono wa mlei, yaani mtu asiye kleri, na ikikatazwa pia kumwapia mlei. Kwake lilikuwa suala la utii. Amri ameisikia, basi.

Henry hakuweza kumfukuza. Mwaka 1101 Robert alivuka bahari na jeshi kuja kudai taji, na Anselm ni mmoja wa waliowazuia wakuu wasimkimbie Henry. Isitoshe, Anselm ndiye aliyeamua kwamba Edith, binti wa mfalme wa Scotland aliyelelewa miongoni mwa watawa, hakuwa mtawa kweli na anaweza kuolewa na Henry. Ndiye malkia Matilda. Kwa hiyo miaka ile ya mwanzo wajumbe walipishana njiani kwenda Roma na kurudi, kila upande ukimpa Papa Paschal wa Pili nafasi ya kulegeza. Papa hakulegeza.

Mwaka 1103 mambo yakavunjika kutoka upande ambao mfalme hakuutazamia. Wateule wake mwenyewe walianza kumkimbia. Reinhelm, aliyepewa Hereford, alirudisha pete na fimbo. William Giffard, mteule wa Winchester, alikataa kuwekwa wakfu na Askofu Mkuu wa York, akafukuzwa nchini. Wote wawili walikuwa watu wa ikulu, si watawa wa jangwani. Anselm akasafiri kwenda Roma, na mfalme akamtumia ujumbe kwamba asirudi ila kwa masharti ya zamani. Akabaki Lyon, na mapato ya Canterbury yakaingia katika hazina. Ahadi ya 1100 ilikuwa haijafikisha miaka minne.

Ilikuwaje basi Henry akakubali? Vita. Mwaka 1105 alikuwa Normandy akijaribu kumnyang'anya Robert nchi, na hoja yake mbele ya watu ilikuwa kwamba Robert ni mtawala mzembe anayeliacha Kanisa liporwe. Papa alikuwa ameshamtenga na Kanisa Robert wa Meulan, mshauri mkuu wa Henry. Sasa Anselm akaondoka Lyon kuelekea kaskazini, na habari zikaenea kwamba anakwenda kumtenga mfalme mwenyewe. Mtu anayejiita mwokozi wa Kanisa la Normandy hawezi kupigana akiwa ametengwa na Kanisa. Wakuu waliokuwa wakiyumba wangepata kisingizio walichokuwa wanakitafuta. Dada yake Henry, Adela, mke wa marehemu mtawala wa Blois, aliingilia kati, na mnamo Julai 1105 mfalme na askofu mkuu wakakutana Laigle.

Makubaliano yalitangazwa London Agosti 1107, baada ya Henry kumshinda Robert vitani Tinchebray mwaka uliotangulia. Mfalme hatakabidhi tena pete na fimbo. Lakini mteule ataendelea kumwapia mfalme kwa ajili ya ardhi, kabla ya kuwekwa wakfu. Papa aliruhusu kiapo hicho kama jambo la muda tu, mpaka mahubiri ya Anselm yatakapoulainisha moyo wa mfalme. Moyo haukulainika.

Sasa tazama tarehe 11 Agosti 1107, pale Canterbury, ambapo Anselm aliweka wakfu maaskofu watano kwa siku moja, viti vilivyokuwa vimekwama kwa miaka. Roger wa Salisbury: alikuwa mkuu wa ofisi ya hati za mfalme. William Giffard wa Winchester: alishika ofisi hiyohiyo kabla yake. Reinhelm wa Hereford: mkuu wa hati wa malkia. William Warelwast wa Exeter: huyu ndiye mjumbe aliyetumwa Roma kumpinga Anselm mbele ya Papa. Wa tano, Urban wa Llandaff huko Wales, ndiye pekee asiyetoka katika nyumba ya kifalme. Mikono iliyowaweka wakfu ilikuwa safi. Aliyewachagua ni yuleyule.

Kwa nini makarani? Kwa sababu Henry alitawala nchi mbili zilizotenganishwa na bahari, na baada ya 1106 alitumia zaidi ya nusu ya muda wake Normandy. Uingereza ilibidi iendeshwe bila yeye kuwapo, na haiwezekani kutawala ukiwa mbali bila maandishi na hesabu. Waliojua kuandika Kilatini na kupiga hesabu walikuwa watu wa Kanisa. Na kuwalipa kwa cheo cha uaskofu kulikuwa na faida mbili kwa mfalme: mshahara unatoka katika ardhi ya Kanisa, si ya kwake, na kisheria askofu hana mtoto wa kurithi cheo.

Roger wa Salisbury anastahili tukae naye kidogo. Alikuwa padri asiye na ukoo wa kutajika kutoka Normandy. Kuna hadithi, iliyoandikwa muda mrefu baada ya kifo chake na ambayo naisimulia kwa utamu wake tu, kwamba Henry alimpenda kwa sababu alisoma misa haraka kuliko padri yeyote, jambo linalowafaa askari wenye njaa. Kweli au si kweli, kipaji chake kilikuwa hesabu. Chini yake ndipo tunapoanza kuiona, kuanzia 1110, ile baraza ya hazina iliyokaa mezani mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na wakati wa sikukuu ya Mikaeli Malaika. Meza yenyewe, kama ilivyoelezwa baadaye na Richard, mjukuu wa kaka au dada yake Roger, ilikuwa na urefu wa kama futi kumi na upana wa futi tano, imetandikwa kitambaa cheusi chenye mistari ya mirabaraba. Mkuu wa kila jimbo aliketi upande mmoja, watu wa hazina upande wa pili. Vihesabio vilipangwa katika safu za peni, shilingi, pauni, na pauni ishirini-ishirini. Kilichodaiwa kikawekwa juu, kilicholipwa kikawekwa chini, na mtu asiyejua kusoma aliona deni lake kwa macho. Risiti ilikuwa kijiti kilichochanjwa na kupasuliwa katikati, kila upande ukabaki na nusu yake. Kitabu cha hesabu cha mwaka 1129 hadi 1130 kipo mpaka leo, ndicho cha kale kuliko vyote vya aina yake vilivyosalia Uingereza.

Mfalme akiwa ng'ambo, Roger alitoa amri kwa jina lake mwenyewe na nchi ikatii. Mpwa wake mmoja, Alexander, alipata Lincoln mwaka 1123. Mwingine, Nigel, alipata Ely mwaka 1133. Aliishi na mwanamke aliyeitwa Matilda wa Ramsbury waziwazi. Hivyo ndivyo alivyoishi mtu wa pili kwa nguvu katika nchi ambayo sinodi zake zilikuwa zikiwakemea mapadri wa vijijini kwa ajili ya wake zao.

Kuna tukio moja ambalo ningekushauri ulisome na wanafunzi wa kidato cha sita. Mwishoni mwa mwaka 1124 Henry, akiwa Normandy, alipata habari kwamba peni za Uingereza zimechakachuliwa kiasi kwamba sokoni zilikuwa zinakataliwa. Akatuma amri kwamba wafua fedha, yaani waliotengeneza sarafu hizo, waadhibiwe. Roger ndiye aliyewaita wafike Winchester wakati wa Krismasi. Walipofika, waliingizwa mmoja mmoja wakakatwa mkono wa kulia na kuhasiwa, na kazi yote ikamalizika katika zile siku kumi na mbili za sikukuu. Sinodi ya London ya mwaka 1075 ilikuwa imekataza mtu wa Kanisa kushiriki hukumu ya kifo au ya kukata kiungo. Wala usidhani wamonaki walishtuka. Yule wa Peterborough aliyeandika habari hiyo anasema ilikuwa haki, kwa sababu wafua fedha walikuwa wameiharibu nchi. Hapo serikali na Kanisa havikuwa pande mbili zinazotazamana. Askofu alikuwa mkono wa dola, na mmonaki aliyeumizwa na bei za soko alimshangilia.

Kuhusu fedha za Kanisa, Henry alirudia tabia ya kaka yake kwa adabu zaidi. Anselm alifariki tarehe 21 Aprili 1109. Canterbury ilikaa bila askofu mkuu hadi 1114. Na suala la mapadri wenye wake lilimpa chanzo cha mapato. Mwaka 1105, akihitaji fedha za vita, aliwatoza faini waliovunja amri ya useja. Zilipokuwa hazitoshi, akawatoza na wasio na hatia. Mapadri karibu 200 walimwendea wakiwa peku, wamevaa mavazi yao ya ibada, wakiomba huruma, wakafukuzwa. Mwaka 1129 maaskofu wenyewe walimkabidhi mfalme kazi ya kuwaadhibu mapadri wa aina hiyo, wakiamini watapata msaada wa dola. Alichukua fedha zao akawaacha warudi kwa wake zao.

Na bado sidhani alikuwa mnafiki mtupu. Mwanawe pekee wa ndoa, William, alikufa maji tarehe 25 Novemba 1120 katika ajali ya ile merikebu iliyoitwa Merikebu Nyeupe. Mwaka uliofuata Henry alianzisha abasia ya Reading, akaijaza mali. Ndani ya hati yake aliweka sharti kwamba abati akifa mali yote ibaki mikononi mwa wamonaki. Yaani mahali alipokusudia azikwe aliwakinga watu wake dhidi ya desturi aliyoitumia yeye mwenyewe kila mahali pengine. Alijua vizuri alichokuwa anafanya.

Sasa upande wa pili, ambao vitabu vya shule huupitia juujuu. Je, kuna mahali Henry alishindwa kweli? Ndiyo, York. Mwaka 1114 alimteua karani wake Thurstan kuwa Askofu Mkuu wa York, akitarajia atakula kiapo cha utii kwa Canterbury. Mfalme aliutaka mpango huo, kwa kuwa kaskazini ilikuwa mbali na Kanisa moja lenye kichwa kimoja humrahisishia kazi. Thurstan alikataa. Alikuwa mtu wa ikulu kama Roger, amelelewa na mkate wa mfalme, lakini alipopewa kiti alianza kukitetea kiti. Oktoba 1119 Papa Calixtus wa Pili alimweka wakfu huko Reims kwa mkono wake, bila ridhaa ya mfalme. Henry akamzuia kurudi nyumbani. Papa akatishia kufunga ibada. Mwaka 1121 Thurstan aliingia York akiwa hajaapa, na hakuapa mpaka kufa.

Kuhusu mabalozi wa Papa sitasema mengi. Henry aliwazuia wasiingie bila kibali chake, akamkaribisha mmoja kwa heshima kubwa na kumrudisha alikotoka, na mwaka 1125 akamruhusu John wa Crema aendeshe sinodi Westminster. Baada ya kelele za walioona Canterbury imedhalilishwa, Askofu Mkuu William de Corbeil alifanywa balozi wa Papa yeye mwenyewe mwaka 1126. Mfalme alipata balozi aliyekuwa raia wake, Roma nayo ikapata kukubaliwa kwamba mamlaka hayo yanatoka kwake.

Henry alifariki Normandy tarehe 1 Desemba 1135. Alikuwa amewaapisha wakuu na maaskofu, tarehe 1 Januari 1127, kwamba watampokea binti yake Matilda kama mrithi. Wiki tatu baada ya kifo, tarehe 22 Desemba, William de Corbeil alimtawaza Stephen, mtoto wa Adela. Waliolifanikisha ni Henry wa Blois, Askofu wa Winchester na ndugu yake Stephen, pamoja na Roger wa Salisbury, aliyeshika hazina. Roger alisema kiapo chake hakimfungi, kwa kuwa Matilda aliolewa nje ya nchi bila wakuu kushauriwa. Kwa hiyo, Mwalimu, ukiniuliza nani alimshinda nani, nitakujibu kwamba kwa miaka 28 baada ya makubaliano yale mfalme alipata karibu kila alichohitaji kwa maaskofu, na siku alipokufa walijichagulia mfalme mwingine kwa mashine aliyowajengea. Stephen naye alijifunza: mwaka 1139 alimkamata Roger na mpwa wake Alexander, na hesabu za hazina hazikupata kuwa nzuri tena kwa muda mrefu.

Swali lako la mwisho lina jibu fupi. Uingereza, alama zipo. Askofu wa dayosisi huteuliwa na mfalme kwa ushauri wa waziri mkuu, baada ya tume ya Kanisa kupendekeza jina. Wakleri wa kanisa kuu bado hupelekewa ruhusa ya kifalme ya "kuchagua", lakini tangu sheria ya Henry wa Nane ya mwaka 1534 ruhusa hiyo huja na jina moja tu. Askofu mpya bado hupiga magoti na kuweka mikono yake ndani ya mikono ya mfalme, kama Roger alivyofanya. Pete na fimbo hapewi na mfalme. Hilo la 1107 limesimama.

Kwetu hali ni tofauti. Jimbo la Afrika Mashariki lilipoundwa mwaka 1960 lilitoka chini ya Canterbury, na tangu 1970 Tanzania na Kenya kila moja ina jimbo lake. Maaskofu huchaguliwa kwa taratibu za sinodi, hawamwapii mkuu wa nchi, na taji la Uingereza halina neno katika uchaguzi huo.